Chungu Kinachosomesha

Udongo wa Wahopi hutoka ardhini ukiwa wa kijivu na hutoka motoni ukiwa na rangi ya asali. Chuma kilichomo ndani yake ndicho kinachofanya kazi hiyo. Moto ukikolea na hewa ikipita vizuri, kijivu hugeuka manjano, na pale ndimi za moto zilipolamba ukuta wa chungu kwa nguvu zaidi, manjano hupanda hadi rangi ya chungwa, pengine hadi wekundu. Vyungu viwili havitoki na wekundu huo mahali pamoja. Mfinyanzi huchagua umbo, huchagua nakshi, lakini wekundu humwachia moto, na aliyezoea kazi za Wahopi huutafuta kwanza kabla ya kutazama kingine.

Chungu cha namna hiyo kinapowekwa juu ya meza ya mnada wa hisani, pamoja na masinia ya kusukwa, bangili za fedha na michoro, ili zipatikane fedha za kuwasomesha vijana wa Kihopi vyuoni, wanunuzi wengi hukipitia haraka. Husoma jina la fundi, husoma bei ya kuanzia, huandika dau lao kwenye karatasi iliyowekwa mbele yake, husogea meza ya pili. Naona hilo ni kosa. Fundi aliyekitoa chungu hicho hakutoa fedha; ametoa siku zake, macho yake na ustadi alioupata kwa mama na bibi yake. Asiyejua kazi iliyomo hawezi kujua amepewa nini, wala hawezi kujua alipe kiasi gani.

Wahopi wanaishi kaskazini mashariki mwa Arizona, Marekani, katika vijiji 12 ambavyo vingi vimejengwa juu au chini ya majabali matatu yenye vilele bapa: First Mesa, Second Mesa na Third Mesa. Ardhi ya Wanavajo imewazunguka pande zote. Oraibi, kijiji cha Third Mesa, kimekaliwa bila kukatika tangu karne ya 12 au kabla yake, na huhesabiwa miongoni mwa makazi ya kale kuliko yote nchini Marekani ambayo bado yana watu. Mvua ni haba na mito ya kudumu haipo. Mahindi hufukiwa chini sana mchangani ili mizizi ikute unyevu ulioachwa na theluji. Katika nchi kavu namna hiyo, udongo unajulikana kwa undani.

Kazi ya chungu huanza kwa kuchimba. Udongo mzuri umo katika matabaka ya majabali, si mbali na vijiji, na familia za wafinyanzi zinajua pa kwenda. Mabonge hulowekwa mpaka yalainike, kisha tope huchujwa ili mizizi, vijiwe na chembe za chokaa zibaki nyuma. Hatua hii haionekani na mnunuzi hata kidogo, lakini chungu hufa hapa au huishi hapa. Chembe moja ya chokaa iliyoponyoka kwenye mchujo haisumbui wakati wa kufinyanga. Hujitokeza baada ya kuchoma: huvuta unyevu wa hewani, huvimba, na hubandua kijipande cha ukuta uliokwisha kupakwa nakshi.

Udongo wenyewe ni laini mno, kiasi kwamba vyungu vya nakshi havihitaji kutiwa mchanga mwingi wa kuviimarisha. Ulaini huo ni neema na pia ni mtihani. Ni neema kwa sababu uso wake husuguliwa ukang'aa bila kupakwa kitu kingine juu. Ni mtihani kwa sababu udongo usio na mchanga hunywea sana unapokauka, na ukinywea upande mmoja kuliko mwingine, hupasuka.

Gurudumu halitumiki. Mfinyanzi hukiweka kitako cha chungu ndani ya kibakuli kifupi, husokota udongo kwa viganja mpaka uwe kamba, huizungusha kamba hiyo ukingoni, huibana kwa vidole ishikane na iliyo chini yake, halafu husokota nyingine. Ukuta hupanda hivyo, duara juu ya duara, na kila baada ya duara chache kazi husimama, kwa sababu udongo mbichi ukibebeshwa uzito mwingi huketi. Kipande cha kibuyu hutumika kuukwangua ukuta ndani na nje. Hicho hufuta alama za kamba, na hicho hicho huusukuma ukuta utoke au urudi. Mitungi iliyoipa sifa First Mesa ni mipana na mifupi, yenye mabega yaliyolala karibu bapa kabla ya kufika kwenye mdomo mdogo. Bega hilo ndilo jambo gumu kuliko yote. Udongo mbichi unatakiwa ujishike wenyewe hewani, ukielekea katikati, bila kitu chochote cha kuushikilia kwa chini. Ukiwa mbichi mno, utaanguka. Ukiwa umekauka kupita kiasi, hautakubali kupinda. Kuna kipindi kifupi kati ya hali hizo mbili, na mfinyanzi hukijua kwa ncha za vidole.

Chungu kikikauka husuguliwa kwa jiwe la mchanga, au siku hizi kwa msasa, halafu huja kung'arisha. Sehemu ndogo ya uso hulowanishwa, husuguliwa kwa kijiwe laini cha mtoni, mstari kwa mstari, mpaka ing'ae. Ndipo mkono huhamia sehemu ya jirani kabla ukingo wa ile ya kwanza haujakauka. Maji yakizidi, uso huchubuka. Mkono ukichelewa, jiwe hukwaruza. Kijiwe hicho hurithiwa, mama akimwachia binti, na hutunzwa kwa uangalifu mkubwa, maana kupata kingine kinachoukalia mkono vizuri si rahisi. Mng'ao unaouona mnadani haukutoka kwenye chupa ya vanishi. Ni udongo wenyewe, uliobanwa na jiwe mpaka ukatoa mwanga.

Rangi nyeusi hupikwa. Mmea wa porini huchemshwa kwa muda mrefu mpaka maji yake yawe mazito na meusi, kisha huachwa yakauke kuwa donge. Donge husagwa juu ya jiwe pamoja na madini ya chuma na maji kidogo, na ule utomvu wa mmea ndio unaoishikisha rangi kwenye chungu. Wekundu hutoka kwenye udongo wa manjano ambao moto huugeuza. Burashi ni jani la yuka, mmea wa jangwani ulio jamaa ya mkonge: fundi hukata kipande chembamba, hutafuna ncha yake mpaka nyama itoke na nyuzi zibaki, kisha hupunguza nyuzi hizo kulingana na wembamba wa mstari anaoutaka.

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo. Ipo nakshi moja inayoitwa ya uhamaji, iliyopata umaarufu hasa kwa mkono wa Fannie Nampeyo, aliyefariki 1987. Ni mabawa ya ndege yaliyopangwa kulizunguka bega lote la mtungi, na kati ya mabawa hayo imepita mistari myembamba sambamba, mingi kiasi kwamba jicho huchoka kuihesabu. Mstari hupakwa juu ya uso uliojipinda, kwa nyuzi za jani, kwa rangi ambayo ikishagusa haifutiki bila kuacha doa. Mkono hauruhusiwi kusita katikati. Juu ya hayo, bega ni duara, na kwenye duara mwisho lazima ukutane na mwanzo: zile nafasi zote zilizopimwa kwa jicho tangu mstari wa kwanza zinapaswa kuishia sawasawa, isibaki nusu nafasi. Ikibaki, kila atakayekishika chungu hicho ataiona. Sijui kazi nyingine ya mkono inayodai utulivu mkubwa hivyo kwa muda mrefu hivyo.

Na baada ya yote hayo, chungu hupelekwa motoni. Uchomaji hufanywa nje, juu ya ardhi, asubuhi isiyo na upepo. Vyungu hupashwa joto kwanza ili unyevu uliobaki utoke taratibu, hufunikwa kwa vigae vya vyungu vilivyovunjika zamani visiguswe na moto moja kwa moja, kisha huzungushiwa mavi makavu ya kondoo yaliyokatwa mapande mapande, ambayo huwaka polepole na kwa joto la kutosha. Hapo mfinyanzi hana la kufanya ila kungoja. Upepo ukiamka ghafla, moshi ukiganda mahali fulani, unyevu ukiwa umebaki ndani ya kitako, mlio wa kupasuka husikika kutoka ndani ya moto, na kazi ya majuma huwa imekwisha. Chungu unachokiona mezani ni kile kilichosalimika.

Kondoo walikuja na Wahispania. Kabla yao wafinyanzi wa nchi hii walichomea makaa ya mawe waliyoyachimba wenyewe kwenye majabali, tangu mnamo karne ya 14. Katika kijiji cha Sikyatki, karibu na First Mesa, makaa hayo yalitoa vyungu vya manjano ambavyo wataalamu wa sanaa huvipa daraja la juu kabisa miongoni mwa kazi za kale za Amerika: vyungu vyenye ndege, nondo na manyoya yaliyochorwa kwa uhuru wa ajabu. Sikyatki ikahamwa. Baada yake, kwa muda mrefu, ufinyanzi wa majabali ulififia, vyungu vikawa vinapakwa rangi nyeupe ambayo uso wake ulikuwa ukichanika.

Aliyeirudisha manjano ile ni mwanamke mmoja. Nampeyo alizaliwa mnamo 1859 katika kijiji cha Hano, First Mesa, kwa watu wa Tewa waliohamia kwa Wahopi baada ya maasi dhidi ya Wahispania. Alivitazama vigae vya kale vilivyotapakaa ardhini. Mwaka 1895 mtaalamu wa mambo ya kale, Jesse Walter Fewkes, alipofukua Sikyatki, mume wa Nampeyo, Lesso, alikuwa miongoni mwa vibarua, na Nampeyo akapata nafasi ya kuviona vyungu vizima. Hakuishia kuiga. Alijifunza namna wale wa kale walivyoiacha nafasi tupu ifanye kazi, walivyoliachia bega pumzi, kisha akabuni vyake, na baada ya muda hata wauzaji wakashindwa kutofautisha alichoiga na alichokiumba. Mwaka 1905 alipelekwa na kampuni ya Fred Harvey kwenye Hopi House, jengo jipya kwenye ukingo wa Grand Canyon, afinyange mbele ya watalii. Ugonjwa wa macho ukamnyang'anya uwezo wa kuona hatua kwa hatua. Akaendelea kufinyanga kwa kupapasa, na binti zake wakapaka nakshi, mpaka alipofariki 1942.

Nampeyo hakujua kuandika. Vyungu vyake vikuu havina jina lake. Vile alivyofinyanga uzeeni na kupakwa nakshi na bintiye Fannie, yule wa nakshi ya uhamaji, vimeandikwa kwa mkono wa binti: Nampeyo, Fannie. Uzao wake umeendelea hadi leo, na kitukuu chake Dextra Quotskuyva, aliyefariki 2019, alikuwa mmoja wa wafinyanzi bora wa karne yote ya 20. Kila mmoja wao hutia sahihi chini ya kitako.

Masinia ya kusukwa yanadai uvumilivu wa namna nyingine. Wanawake wa Second Mesa huchukua fungu la nyasi ngumu za jangwani, hulizungushia chane za yuka, na kila duara hushonwa kwenye duara lililotangulia baada ya kutobolewa kwa msumari. Majani ya ndani ya yuka hutoa weupe, na ya nje hutoa kijani. Wa Third Mesa hufuma vijiti vya vichaka vya jangwani juu ya mbavu za vijiti, kwa rangi kali zaidi. Jambo la kulijua mnadani ni kwamba masinia haya hayakuanza kama mapambo ya ukutani. Katika ndoa ya Kihopi, wanaume wa upande wa bwana harusi humfumia bibi harusi mavazi meupe ya pamba, kwa maana huko wafumaji ni wanaume. Upande wa bibi harusi hulipa kwa masinia na unga wa mahindi. Deni hilo huchukua muda mrefu kulipwa, shangazi, mama wadogo na dada wakisaidiana kusuka. Kwa hiyo mwanamke wa Kihopi anayetoa sinia ili mtoto wa mwenzake akasome hatendi jambo geni. Vitu hivi vimekuwa vikibeba wajibu wa ukoo kwa ukoo tangu zamani.

Fedha ya bangili nayo ina habari yake, na habari hiyo ni ya darasani. Mwaka 1938 jumba la makumbusho la kaskazini mwa Arizona lililoko Flagstaff liliwahimiza mafundi wa Kihopi watafute mtindo wao wenyewe, tofauti na wa Wanavajo. Vita vya Pili vya Dunia vikaingilia. Vilipokwisha, vijana waliorudi kutoka jeshini walisoma kwa fedha za serikali zilizotengwa kwa ajili ya elimu ya askari, na kuanzia 1947 walimu wao walikuwa Fred Kabotie, mchoraji, aliyewafundisha nakshi, na Paul Saufkie, mfua fedha, aliyewafundisha kazi ya mikono. Mwaka 1949 wakaanzisha ushirika wao, Hopi Silvercraft Cooperative Guild. Namna yenyewe ni hii: mabamba mawili ya fedha, la juu limekatwa nakshi kwa msumeno mwembamba kuliko uzi mnene, likalehemiwa juu ya lile la chini, na sehemu iliyobaki wazi ikatiwa weusi. Bangili ya Kihopi unayoiona leo ilizaliwa shuleni.

Si kila shule ilikuja kwa heri. Mwishoni mwa karne ya 19 serikali ya Marekani iliwataka Wahopi wapeleke watoto wao kwenye shule ya bweni ya Keams Canyon, ambako nywele zilikatwa, majina yalibadilishwa na lugha ilikatazwa. Wazee wengi wa Oraibi walikataa. Januari 1895, wanaume 19 walifungwa katika ngome ya Alcatraz, kwenye kisiwa cha ghuba ya San Francisco, na walikaa huko kwa miezi kadhaa, kwa sababu walipinga shule hiyo na mpango wa kugawanya mashamba yao. Mwaka ule ule ambao Nampeyo alikuwa akivitazama vyungu vya Sikyatki, baba za watoto wa Third Mesa walikuwa kifungoni. Mwaka 1906 Oraibi ikagawanyika, sehemu ya watu wakafukuzwa na kuanzisha Hotevilla, na askari wakaja kuwakusanya watoto kwa nguvu.

Miongoni mwa watoto hao alikuwamo Helen Sekaquaptewa, ambaye baadaye alisimulia maisha yake katika kitabu kilichochapishwa 1969. Mwanawe, Emory Sekaquaptewa, alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Arizona, akawa hakimu wa mahakama ya kabila lake, akafundisha chuoni, na akashiriki kuitunga kamusi kubwa ya Kihopi iliyotoka 1998. Mtu huyo huyo, pamoja na ndugu yake Wayne, alikuwa ameanzisha karakana ya kufua fedha mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mama alitolewa nyumbani na askari ili asahau lugha yake, na mtoto akaiandikia kamusi. Mimi huwa naikumbuka familia hiyo kila ninaposikia watu wakisema kwamba elimu ya chuo huua ufundi wa nyumbani, au kwamba ufundi wa nyumbani humchelewesha mtoto masomoni.

Hata hivyo kovu lipo, na mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa miaka mingi kijana wa Kihopi aliyetaka elimu ya sekondari alilazimika kuondoka, aende bweni Phoenix au hata Riverside, California. Shule ya sekondari ya juu katika ardhi yao wenyewe ilifunguliwa 1986 tu. Kwa shahada, wengi huenda Flagstaff, Tempe au Tucson, na huko kuna ada, kodi ya chumba, vitabu na mafuta ya gari la kurudia nyumbani wakati wa sherehe za kijiji, maana asiyerudi hukosa mafunzo mengine ambayo hayafundishwi chuoni.

Novemba 2000 baraza la kabila lilianzisha Hopi Education Endowment Fund kwa kutenga dola milioni 10. Ni mfuko wa wakfu, na msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana: mnazi hauuzwi, nazi ndizo hutumika. Mtaji unakaa, faida inasomesha, na michango mipya inaukuza mtaji. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko ulivyoonekana wakati ule. Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya bajeti ya kabila ilitokana na makaa ya mawe, makaa ya ardhi ile ile ambayo watu wa Sikyatki walichomea vyungu, safari hii yakichimbwa na kampuni kubwa kwa ajili ya umeme. Mwaka 2019 kituo kikubwa cha umeme kilichokuwa katika ardhi ya Wanavajo kilifungwa, na mgodi wa Kayenta uliokilisha ukafungwa pamoja nacho. Mapato yakaporomoka. Fedha zilizowekwa wakfu kwa ajili ya wanafunzi hazikuwa za kuliwa na pengo hilo.

Ndiyo maana mnada wa hisani, ambao mbele ya mahesabu hayo waweza kuonekana mdogo, una uzito. Nao una mambo mawili ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua.

La kwanza ni la kodi. Tangu 1969 sheria ya Marekani humpa msanii anayetoa kazi ya mikono yake mwenyewe nafuu ya kodi kwa gharama ya vifaa tu, si kwa bei ya sokoni. Mfinyanzi aliyechimba udongo wake jabalini, akapika rangi yake kwa mmea wa porini, akatafuna burashi yake mwenyewe na kuchomea mavi ya kondoo, gharama yake ya vifaa ni karibu na sifuri. Serikali haimrudishii kitu. Mnunuzi naye huhesabiwa kuwa ametoa sadaka kwa kile tu alicholipa kupita thamani ya kitu sokoni. Hapo sheria imeona sawa kabisa: aliyelipa bei ya dukani amenunua, hajatoa. Aliyelipa chini ya hapo, akaondoka akifurahi kwamba amepata kwa rahisi, amejichotea kutoka mfukoni mwa mwanafunzi na jasho la mfinyanzi kwa pamoja. Mtu anayetaka bei nafuu aende kwa fundi mwenyewe kijijini, akazungumze naye uso kwa uso. Mezani pa hisani haifai.

La pili ni la mipaka. Aprili 2013, mjini Paris, vitu vitakatifu vya Wahopi vipatavyo 70 vilinadiwa hadharani kwa takriban euro 930,000, ingawa kabila lilipinga mahakamani na kuomba kwa heshima. Kwa Wahopi vitu hivyo ni hai, wala hakuna mtu mmoja mwenye haki ya kuviuza. Desemba mwaka ule ule, katika mnada mwingine huko huko, taasisi ya Annenberg ya Marekani ilinunua vitu 24 kwa dola 530,000 ili tu virudishwe kwa wenyewe, vingi vyake kwa Wahopi. Kati ya mnada wa Paris na mnada wa wanafunzi kuna umbali mkubwa, na umbali huo umo katika ridhaa. Chungu, sinia na bangili vimetolewa na aliyevitengeneza, kwa jina lake, kwa kusudi alilolichagua. Mnunuzi mwenye adabu huuliza asili ya kila kitu, na akiambiwa kwamba kitu fulani hakiuzwi, huacha kuuliza bei.

Wasomaji wetu walioko Marekani, hasa wengi waliotoka Kongo na Burundi ambao wamejenga maisha mapya Phoenix na Tucson, wana nafasi ambayo sisi wengine hatuna. Katika jumba la makumbusho la Heard, katikati ya Phoenix, vyungu vya Wahopi vinaonyeshwa pamoja na habari za shule za bweni, na kila mwaka hufanyika hapo soko kubwa la sanaa za Wenyeji wa Amerika ambako mafundi huuza wenyewe. Nendeni na watoto. Watazameni mafundi, muwaulize udongo umetoka wapi na nani aliwafundisha, na mkiombwa msipige picha, msipige.

Na ikitokea ukaingia kwenye mnada wa kuwasomesha vijana wa Kihopi, usiandike dau lako kabla hujakizungukia chungu. Tafuta pale moto ulipogusa. Fuata mstari mmoja mwembamba kwa jicho mpaka ukutane na mwanzo wake. Ukiruhusiwa, kiinue, uone kilivyo chepesi, usome jina lililoandikwa chini. Kisha andika kiasi kinachozidi bei ya dukani. Dau lako likishindwa, zile fedha ulizokuwa umeziandaa usizirudishe nyumbani. Zipeleke moja kwa moja kwenye mfuko wa wanafunzi.